Bas ya Viti Vidogo

Winrose Kanini ni mtu wa kuuliza. Ukimpa chai, atataka kujua majani yametoka shamba la nani. Nimeimba naye kwaya hapa Kiirua tangu tukiwa wasichana, na kuna siku humwambia, Mama Antony, huko kuuliza kwako kutakupeleka polisi. Anacheka, halafu anauliza ni polisi wa wapi.

Ndiyo maana kanisa lilipotaka bas, kazi ya kuitafuta kwenye mtandao alipewa yeye. Akapata moja huko Japani, fupi, ya manjano, safi kabisa, na tangazo likasema ina viti arobaini na tisa. Bei ilikuwa nzuri mpaka wazee wakaingiwa na shaka. Winrose akamwandikia muuzaji kuuliza ilikuwa ya nani. Akajibiwa ilikuwa ya shule ya chekechea. Basi, sote tukaridhika. Huku kwetu bas ya shule ndiyo hubeba kwaya, ndiyo hubeba watu wa matanga, na mtu mzima hukaa humo vizuri. Nani angewaza kwamba kuna nchi ambako kiti cha bas hupimwa kwa mtoto?

Sasa sikiza shida yenyewe. Winrose ni mjane, na Antony ndiye mwanawe. Antony alipendana na Carol wa Runyenjes, kule Embu, binti wa pekee wa mzee mmoja mgumu anayeitwa Njeru. Mara ya kwanza tulipoenda kuposa, lori tuliloazima liliharibikia Chuka, tukafika jua likizama. Njeru hakutufungulia geti. Alituma mtu aje kutuambia kwamba watu wasiojua kufika hawawezi kumtunza binti yake, na kwamba tutapewa siku moja nyingine, tukiiharibu tusirudi. Tangu hapo Winrose hakuwa anakula vizuri. Aliniambia waziwazi, "Mama Mwendwa, nikimkosesha mwanangu mke, sitajisamehe."

Bas ilifika kutoka Mombasa Ijumaa jioni, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya ruracio, kikao cha mahari. Kwetu gari la kanisa haliingiwi kabla ya kuombewa. Mchungaji hufunga utepe mlangoni, na ole wako uuguse. Kwa hivyo tulizunguka tu, tukaipigapiga ubavuni, tukaisifu rangi. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Asubuhi mchungaji akaomba, akakata utepe, na wazee wakatangulia kupanda, kama inavyostahili. Halafu nikasikia sauti ya Kaimenyi, msemaji wetu, mzee mrefu ambaye huinama kila mlangoni.

"Winrose, hebu njoo unionyeshe viti."

Vilikuwepo, vyote arobaini na tisa. Vilimfika Kaimenyi chini ya magoti. Tukamgeukia Muthamia, dereva aliyeileta kutoka bandarini, na yeye akasema bila haya, "Nilitumwa kuleta bas. Sikutumwa kuikagua." Nilikuwa nimebeba sufuria ya mukimo, viazi vya kuponda, na bahati ya Muthamia ni kwamba ilikuwa nzito mno kuirusha.

Gari lingine halikuwepo. Winrose alikuwa ameshika kichwa. Kaimenyi akasema, "Twende. Heri aibu ya kukaa vibaya kuliko aibu ya kuchelewa." Tukajibana. Mimi si mwanamke mdogo, nilichukua viti viwili na bado nusu yangu ilikuwa njiani. Na kila Muthamia alipokata kona ya kushoto, sauti ya msichana iliyorekodiwa ilitoka mahali fulani darini ikisema maneno ya Kijapani, kwa upole sana. Winrose na huzuni yake yote akaniuliza, "Huyo anatuambia nini?" Nikamwambia anatuambia tumekosa akili.

Tulifika mapema, hilo hatukushindwa. Lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi. Wanawake wa kina Carol walikuwa wamejipanga getini na wimbo wao, na sisi tulipaswa kuujibu tukicheza mpaka watufungulie. Kaimenyi alishuka kwa mikono na magoti. Waliomfuata walishikilia ubavu wa bas na kubaki hapo. Wimbo ukakatika. Mmoja akauliza kama tumeleta wazee au mizigo, na kicheko kikaanza.

Njeru akatoka, amevaa koti na kofia. "Mmekuja kuposa au kunichezea?"

Mwanamke hasemi kabla ya msemaji, lakini Winrose alisema. "Mzee, kosa ni langu. Bas hii niliichagua mimi. Usimhesabie mwanangu."

Njeru alikuwa anaitazama bas. Akaizunguka, akapanda, na sisi tukachungulia kupitia mlangoni. Juu ya kila dirisha kulikuwa na picha, hapa sungura, pale dubu, na kando ya kila kiti ndoano ndogo ya kutundika mkoba, chini kabisa, pa kufikiwa na mkono wa mtoto. Njeru akaigusa moja kwa kidole. Akaketi penye sungura, magoti yakamfika kidevuni.

"Hawa watoto walienda wapi?" akauliza. "Walinunuliwa bas kubwa?"

Winrose alikuwa amemuuliza muuzaji hilo pia. "Hapana, mzee. Waliisha. Vijana wa hapo walihamia mjini, wengine hawakuoa, wakabaki wazee. Mwaka wa mwisho bas hii ilikuwa inabeba mtoto mmoja."

"Mmoja," Njeru akasema.

Akainua macho, akaitazama nyumba yake ng'ambo ya geti, alimokuwa binti yake wa pekee. Aliposhuka alijishikilia begani kwa Kaimenyi, akaamuru geti lifunguliwe.

Kwa desturi, uji wa wachumba haunywewi mpaka binti aulizwe mbele ya watu kama amekubali, na haulizwi mpaka mahari izungumzwe kwanza, maneno ya kutwa nzima. Njeru hata hakuketi. Alimwita Carol palepale getini. Ndugu zake wakanung'unika kwamba mambo hayaendi hivyo. "Najua yanavyoenda," akasema, akajimiminia kibuyu kutoka mtungi wa uji tuliokuja nao.

"Carol, huu uji tunywe?"

Carol akamtazama Antony, kisha baba yake. "Kunyweni, baba."

Njeru akanywa, akafuta midomo, akampa Winrose kibuyu kwa mikono miwili.

"Siku moja," akamwambia, "mniletee hii bas ikiwa imejaa."

Winrose akanywa huku analia.