Mamba Aliyemmeza Mwandishi wa Kitabu cha Pili

Kwa muda mrefu niliamini kwamba yule mwandishi alimezwa na mamba. Jamaa mmoja wa darasa letu la jioni, aliyejibu kila swali la mwalimu, ndiye aliyetueleza: mwandishi alipokuwa akimalizia kitabu chake cha pili cha hadithi za watoto alienda kuoga mtoni, mamba akamchukua pamoja na kalamu yake. Na ushahidi ulikuwepo, maana kitabu kilikatika ghafla. Juba vitabu hutufikia vikiwa vimepita mikono mia, bila jalada, nani angejua?

Kitabu chake cha kwanza nilikisoma na mpwa wangu, aliyerudi kutoka Uganda baada ya mama yake, dada yangu, kufariki. Nyumbani alikuwa haongei na mtu. Lakini habari za msichana wa hadithi hiyo, anayeamrisha upepo, alizizungumza mpaka chai ikapoa, na kicheko chake, naapa, kilisikika mbali kule Bilpam.

Kisha kikaja cha pili. Giza lake lilikuwa zito hata saa sita mchana nilitamani tochi. Uchawi unakauka, rafiki anageuka msaliti, na ukurasa wa mwisho kaka mtu anamfungia msichana kisimani. Nilimvulia kofia mwandishi. Hakuwadanganya watoto, aliwaambia kwamba unayempenda anaweza kuondoka msiagane. Nimesoma vitabu elfu, au tuseme kumi na kitu, na hakuna kilichonishika namna ile.

Mpwa wangu alikifunga taratibu. “Khali,” akasema, ndivyo anavyoniita mjomba kwa Kiarabu cha Juba, “hii kitabu inasema ukweli. Lakini huyo msichana atabaki kwa kisima?”

“Mwandishi aliliwa na mamba,” nikamjibu.

“Basi atabaki.”

Akanyamaza tena, anakula na kuinuka mezani. Nikajitolea kumwandikia mwisho mimi mwenyewe, tai ashuke amtoe msichana.

“Hiyo ni yako, khali. Si yake.”

Nikampeleka mtaa wa Nyakuron kwa mama mmoja anayeuza vitabu vikuukuu, labda ana nakala yenye kurasa zaidi. Nikamsimulia habari ya mamba, mkia na meno yote.

“Ustaz, ulisomea wapi?” akauliza.

“Darasa la jioni.”

“Ndiyo maana. Giza ilikuwa mingi.” Akamgeukia mpwa wangu. “Mwandishi ako hai, binti yangu. Kitabu ya tatu iko hapa, chini ya hizo kamusi.”