Sura Iliyopigwa Bandi

Mjomba wangu, fundi wa kushona suti za kiume, hakuwa na muda na kitabu kisicho na maiti. Hadithi za mapenzi alisema ni za watu wasio na kazi. Vitabu vya mawaidha vilimletea usingizi. "Nikifika ukurasa wa kumi hajafa mtu, nafunga," alizoea kusema, pini tatu mdomoni.

Na alikuwa na mwiko wake. Kabla ya kuanza riwaya ya upelelezi, aliipiga bandi sura ya mwisho, ile mishono mirefu ya kushikiza nguo kabla haijapita kwenye cherehani, asije akashawishika kuchungulia. Akibakiwa na sura hiyo tu, alimtaja muuaji kwa sauti, kisha akafumua uzi na kusoma. Akipatia, wiki nzima alitembea kifua mbele. Akikosea, na mara nyingi alikosea, alirudi ukurasa wa kwanza kutafuta ni wapi alipopigwa chenga. Kukosea huko ndiko kulikokuwa raha yake. Mimi nililijua hilo nimeshachelewa.

Macho yalipomwisha, mikasi ikatundikwa ukutani, na mimi, mtoto wa dada yake, nikawa msomaji wake. Nilitoka kazini, mapokezi ya zahanati, saa kumi na moja, nimechoka taabani, nikakaa kwenye kigoda kando ya cherehani iliyofunikwa shuka. Sijipambi: mdomo ulisoma, akili ilikuwa kwangu jikoni.

Kitabu cha mwisho kilihusu tajiri aliyenyongwa ofisini mwake. Bandi aliipiga mjomba mwenyewe kwa kupapasa, ikanyooka kuliko mistari ya daftari. Ilituchukua mwezi na nusu kuifikia. Nikawaza: mzee akikosea, ni mwezi na nusu mwingine. Basi nikaamua kwamba safari hii hatakosea. Nikaenda na kitabu nyumbani kwangu, nikafumua uzi ili nijue muuaji ni nani, jina lake nilibadilishe na lolote atakalotaja mjomba. Muuaji alikuwa mhasibu. Nikashona tena, nikajiona mjanja.

Kesho yake nikampa kitabu akishike. Akapitisha kidole kwenye mshono, mara ya kwanza, mara ya pili. Akanirudishia.

"Haya mjomba, unamtaja nani?"

"Dobi."

"Una hakika?"

"Dobi, nimesema. Soma."

Nikafumua, nikasoma. Kila palipoandikwa mhasibu niliweka dobi. Dobi akakamatwa, dobi akalia, dobi akakiri kila kitu mbele ya askari. Nilisoma kwa mbwembwe. Sijawahi kusoma vizuri namna ile.

"Umepatia, mjomba!" nikamwambia, na makofi nikampigia.

Aliweka mikono juu ya magoti.

"Dobi tulimzika sura ya pili, mpwa wangu," akasema taratibu. "Tajiri kanyongwa sura ya tano. Ulinisomea wewe mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaomba radhi, nikamweleza yote: uzi, uchovu wangu, uvivu wangu. Nikamwambia muuaji ni mhasibu, na kwamba niko tayari kuanza upya saa ileile, tangu ukurasa wa kwanza.

"Sasa nitajuaje kama ni mhasibu?" akauliza.

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Macho yangu ndiyo aliyokuwa nayo, na nilikuwa nimeyaharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakutaka tena kitabu. Alitaka nimsomee gazeti, kitu alichokidharau maisha yake yote. "Humo angalau uongo si wako," alisema. Nilimsomea matangazo ya vifo na hali ya hewa kwa miezi minne, mpaka alipofariki. Sikuruka hata nukta. Na kila nilipomaliza alinishukuru kwa adabu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaagia wateja.