Helikopta ya Baba Kule Zombe

Baba yangu alistaafu jeshini akiwa fundi wa helikopta. Alirudi nyumbani Zombe na kiuno kibovu, sanduku la spana ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na historia ya helikopta moja ya zamani aliyoisimulia popote watu walipokaa wakanyamaza. Aliisimulia kwenye harusi. Aliisimulia kwenye mazishi ya dada yake mwenyewe. Alikuwa amepewa dakika tano za kumwelezea marehemu, zikaisha kabla marehemu hajatajwa.

Historia yenyewe sisi watoto wake tuliijua kuliko Amri Kumi. Jeshi la ng'ambo lilitaka helikopta ya kazi, si ya kupigana: ya kubeba majeruhi, chakula na askari wachache. Zilizokuwepo wakati huo zilikuwa na injini kubwa za pistoni zilizojaza tumbo lote, na majeruhi alifungwa nje kama gunia la makaa. Ndipo wahandisi wakachukua injini nyepesi ya aina ya jeti, wakaipandisha juu ya paa, na chini ikabaki nafasi ya machela. Ya kwanza ilitetemeka mpaka meno yakagongana. Iliyofuata ikakosa nguvu penye joto. Wakarefusha mapanga yanayozunguka juu, wakabadilisha injini, wakapanua tumbo.

"Hawakukata tamaa," Baba alimalizia kila mara, na siku ile ya mazishi aliyasema hayo akilitazama jeneza kwa lawama kidogo.

Mambo yangeishia kwenye masimulizi kama si mto. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, kisha mvua zikija unajaa kwa saa moja na hakuna anayevuka. Mwaka juzi jirani yetu, mama mtu mzima, alivunjika mguu upande wetu, na hospitali iko upande ule mwingine. Alilala siku mbili kwenye kitanda cha kamba kando ya maji, akingoja yapungue. Baba alikaa naye siku zote mbili. Aliporudi nyumbani hakusimulia chochote, na Mama akaanza kuogopa.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud. Wiki chache baadaye alinipigia simu.

"Mwaitu," alisema. Ni kusema mama yangu. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Huko kwako kuna mikanda ya posho mill?"

"Iko. Ya nini?"

"Ya mkia."

Nilidhani ni ng'ombe. Nikamtumia mikanda, kisha bolti, kisha mabomba ya maji, bila kuuliza zaidi, kwa sababu kumuuliza Baba swali ni kununua saa nzima ya historia.

Nilipokwenda nyumbani mwezi wa nne nilikuta uwanjani kitu kirefu kama kitanda cha mtu asiyeisha. Mabomba yangu yalikuwa yameunganishwa kwa welding kuwa kiwiliwili. Juu ya paa, kama historia inavyotaka, alikuwa amepandisha injini ya gari bovu alilopata Tawa likiwa makao ya kuku. Gia zilitoka kwenye difu, ile ya ekseli ya nyuma ya pikapu. Mapanga mawili alikuwa ameyachonga mwenyewe kwa mbao za mukau, akayalainisha mpaka yakang'aa, na akayapima uzito kwa kuyaning'iniza kwenye mwiko wa Mama. Ndani kulikuwa na nafasi safi ya machela mbili.

Niliizunguka mara mbili. "Baba, rubani atakaa wapi?"

Alipima ndani kwa hatua, kisha akapima tena. Kumbe alikuwa amemsahau rubani.

Mwishowe alifunga kwa waya kiti cha plastiki kilichokuwa na alama ya kanisa letu. Hilo ndilo lililomleta pasta. Mama alipokiona kiti alimwita ili Baba aombewe atoke kwenye mambo hayo. Baba akaelewa kwamba pasta amekuja kubariki jaribio la kwanza, akavaa kofia ya pikipiki na kuketi. Helikopta ilikuwa imefungwa kwa kamba za mafahali kwenye visiki vinne, isije ikaenda mbali. Sisi tulisimama nyuma ya ghala. Pasta, ambaye hakuambiwa asimame nyuma ya chochote, alisimama mbele, akafumba macho na kuanza.

Baba aliwasha injini. Mapanga yakazunguka polepole, kisha kwa kasi, na vumbi likafunika boma lote. Kwa muda mfupi nilishikwa na fahari ya ajabu. Kisha mkanda wa mkia ukateleza. Helikopta isiyo na mkia unaofanya kazi huzunguka kinyume cha mapanga yake. Hilo Baba alinieleza baadaye, lakini wakati ule sote tuliliona kwa macho. Kiwiliwili kizima kilianza kuzunguka naye ndani, kamba zikimviringa kama anayefungwa kifurushi. Pasta alisema amina katikati ya sentensi na kuondoka kwa mwendo ambao sikujua anao. Upande mmoja wa helikopta uliinuka. Nikaona mwanga chini yake, kama futi moja. Kisha kamba ikakatika, kitu chote kikaegemea upande, na panga moja likavunjika, likapita juu ya jiko na kwenda kulala kwenye zizi la mbuzi, ambao kwa bahati walikuwa malishoni.

Baba alitoka akitambaa. Alitapika kwanza.

"Umeona hewa chini?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Pande zote?"

"Mmoja."

"Andika," alisema, akatapika tena.

Siku ya pili alikuja chifu. Aliuliza kama Baba ana laisensi. Baba akamuuliza, ya kuruka au ya kujaribu? Chifu hakujua kuna tofauti, akasema zote mbili, akaandika jambo kwenye kijitabu chake. Kabla hajaondoka alimvuta Baba kando na kuuliza kama siku ya uzinduzi kutakuwa na nafasi ya kiongozi.

Baba alichonga panga jipya. Akabadilisha mkanda wa mkia kwa mnyororo wa pikipiki. Kila Jumapili Mama aliomba helikopta ife kabla ya mume wake.

Mvua za Novemba zilipokuja mto ulijaa nikiwa nyumbani, nikakwama. Siku ya nne tulisikia mngurumo, na helikopta ya jeshi, ya kweli, ikatua kwenye uwanja wa shule ikiwa na unga na dawa. Baba aliingia ndani, akatoka amevaa ovaroli yake ya zamani iliyopigwa pasi. Sikujua kwamba alikuwa akiipiga pasi miaka yote hiyo.

Fundi wa ile helikopta alikuwa msichana mwenye cheo cha sajini, mdogo kuliko mimi. Baba alimpigia saluti. Msichana alimtazama, akairudisha vizuri kabisa. Kulikuwa na wagonjwa watatu wa kuvushwa, na kabla mtu hajaomba msaada Baba alikuwa amepiga magoti akifunga mikanda ya machela. Mikono yake haikusita hata mara moja.

"Nyumbani kuna kitu nataka uangalie," alimwambia sajini. "Ni hapo tu."

Rubani alikubali wasubiri kidogo. Tulitembea hadi bomani na nusu ya soko nyuma yetu. Watu walikuja kumsikia sajini akicheka, na nakiri mimi pia nilikuwa nikikingoja hicho kicheko, ili mambo yaishe.

Hakucheka. Aliizunguka helikopta ya Baba taratibu, akigusa kila kiungo.

"Nani alichonga mapanga?"

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akashika shina la panga, akalitikisa, akainama kutazama mahali panaposhikana na mhimili. "Mzee, hii welding imeanza kupasuka. Hapa pakiachia, panga linaingia kwa kiti."

"Najua."

"Na ulikuwa unataka kuketi hapo?"

"Ile ya kwanza ya jeshi pia ilikuwa na makosa."

"Ile ilikuwa na mamia ya watu nyuma yake. Wewe uko na huyu." Alinionyesha kwa kidevu. Nimewahi kuitwa vibaya kuliko hivyo. "Nakwambia kama fundi kwa fundi. Usiiwashe tena."

Baba alisimama wima. "Ndiyo, Sajini."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hilo neno "ndiyo" yeye alikuwa akilingoja tangu siku ya harusi yao.

Walipokuwa wakiondoka sajini alimwambia Baba kuna nafasi, aruke nao hadi ng'ambo ya mto, watakuja na mzigo mwingine na kumrudisha. Baba alimshukuru akasema nafasi hiyo apewe mke wa mmoja wa wagonjwa. Helikopta ikapaa. Yeye aliitazama injini tu, si watu waliopunga mikono.

Mchana huohuo tulianza kuifungua ya kwetu, mimi nikishika spana zisizoguswa. Nilimuuliza kwa nini amekataa kuruka.

"Miaka yote ile jeshini nilipanda mara moja tu," alisema. "Walihitaji mtu mzito akae nyuma wakati wa kujaribu."

"Ulionaje?"

"Sikuona. Nilifumba macho."

"Baba, wewe ulikuwa unaogopa?"

Alilegeza bolti, akaipuliza vumbi, akanipa. "Mwaitu, mimi ndiye niliyekuwa nimezikaza bolti zote. Nilijua ni ngapi zingeweza kulegea."

Nikaiweka bolti kwenye mkebe. Akaomba spana namba kumi na saba.