Profesa na Jogoo wa Kijani

Mtaani walimwita Profesa, na yeye kwa akili zake aliamini ni sifa. Jina alipewa na muuza vocha wa ng'ambo ya barabara, siku alipomsikia akimweleza mteja kwa saa nzima kwa nini redio yake haiwezi kupona, kumbe betri zilikuwa zimewekwa kinyumenyume. Jina likamganda. Mwenyewe akaliandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa kibanda chake, na chini yake akaongeza: HAKUNA KINACHOSHINDIKANA. Watu walicheka mpaka wakachoka, wakazoea.

Si kwamba hakujua kazi. La, tusimwonee. Enzi za runinga za kichogo alikuwa fundi wa kutegemewa, na watu walipanga foleni mlangoni kwake. Tatizo lake lilikuwa moja tu: neno "nimeshindwa" halikuwahi kumtoka mdomoni. Chombo kikimgomea, kosa lilikuwa la umeme, au la kiwanda, au la mwenye chombo, na mwaka mmoja lilikuwa la mvua. Na kila akimaliza kufunga kifaa, vile vipande vitatu vinne vilivyobaki mezani alivitia kwenye kopo la maziwa, akisema viwandani huwa wanaweka vya akiba. Kopo lilijaa pomoni. Sasa wewe piga picha ni redio ngapi zilizokuwa zikiimba mtaani humo na viungo pungufu.

Mkewe alikuwa mdarizi, akifanyia kazi chumba cha nyuma ya kibanda. Mashine yake ilikuwa kuukuu lakini nzima kabisa, ikiendeshwa na kompyuta kuukuu vilevile, isiyokubali kioo chochote ila monita ya kichogo. Monita yake ilipozimika moja kwa moja, walihangaika wiki tatu mpaka wakapata nyingine, mtumba, iliyoagizwa kutoka ng'ambo ndani ya kontena. Ilifika Jumatatu. Boksi lilikuwa limebonyea pembe moja, na ukilitikisa kuna kitu kilikuwa kinacheza ndani. Mkewe alipoiwasha, picha ilikuja nzuri tu, ila rangi zilikuwa zimerukwa na akili. Kona ya kushoto zambarau, upande wa kulia wote kijani, na katikati kidogo ndipo palipokuwa na afadhali.

Wakati huo alikuwa na kazi ya shule: beji mia nne zenye jogoo mwekundu, za kukabidhiwa Jumamosi asubuhi. Kila kipande cha mchoro hupangiwa uzi kwa kutazama rangi yake kwenye kioo, na kioo kikidanganya, beji nayo inadanganya. Alijaribu moja. Jogoo akatoka wa kijani, na kilemba cha zambarau, utadhani ameoza. Mwalimu mkuu alishamwambia wazi kwamba beji zisipofika Jumamosi kazi anampa mwingine, ya mwaka huu na ya miaka ijayo.

"Hiyo kazi ndogo," Profesa akasema. "Kesho mchana unadarizi."

"Una uhakika, mume wangu?"

"Unamuuliza nani?"

Jumanne akaanza. Alisema kioo kimeshika sumaku safarini, na kwa haki ya Mungu hilo lingewezekana. Akatoa zana yake ya kufuta sumaku, duara la waya aliloling'oa kwenye runinga mbovu, akaliunganisha na umeme akawa analizungusha mbele ya kioo huku amefumba macho nusu, kama mtu anayepunga pepo. Fundi yeyote anajua kwamba duara lile unalisogeza mbali kwanza, ndipo unalizima. Profesa alijua pia. Lakini muuza vocha alipochungulia mlangoni kuuliza kama mgonjwa ataishi, Profesa akageuka kumjibu, akalizima duara likiwa limegusa kioo. Ikabidi arudie tangu mwanzo, maana sasa palikuwa na doa la upinde wa mvua katikati, pale palipokuwa na afadhali. Doa lilitoka. Kijani kikabaki palepale.

Jumatano akaja na elimu nyingine. Dunia yenyewe ni sumaku, akasema, kwa hiyo monita iliyozoea kwao huko mbali haiwezi kutazama upande wowote tu huku kwetu. Wakahamisha meza. Wakahamisha na kabati ili meza ipite. Kufika saa kumi jioni monita ilikuwa imetazama pande zote nne, na kiti cha mkewe kilikuwa kinatazama ukuta. Jogoo alikuwa bado wa kijani. Profesa akafungua kasha la monita, na ndani, chini kabisa, akakuta vipande vitatu vya mpira vyenye umbo la kabari, ndivyo vilivyokuwa vikicheza. Akavitazama, akavinusa, akasema ni takataka za kufungashia. Vikaenda kwenye kopo.

Alhamisi asubuhi mkewe hakuuliza kitu. Aliweka nyuzi zake mezani, akakaa mbele ya mashine iliyozimwa, mikono mapajani. Hilo lilimuuma Profesa kuliko kama angepigiwa kelele. Beji mia nne, siku mbili, na yeye ameshamaliza elimu yake yote.

Mlango wa nne kutoka kwake palikuwa na fundi mwingine, mjane, wakimwita Mama Redio. Alijifunza ufundi kwa kufungua na kufunga vitu alivyoachiwa na marehemu mumewe. Miaka kumi na mitano Profesa alikuwa akisema kwamba yule mama anabahatisha. Akitengeneza runinga, amebahatisha. Akitengeneza mashine ya kufulia ya hoteli nzima, amebahatisha, na wenye hoteli nao wamebahatika.

Mchana kweupe Profesa akaipakia monita kwenye toroli, akaifunika shuka.

"Unahama, Profesa?" muuza vocha akauliza.

"Naipeleka ikapate hewa."

Mama Redio alikuwa analehemu waya wa kipaza sauti. Akainua miwani. "Karibu, shemeji. Umeniletea kazi?"

"Kazi wapi. Nilikuwa napita tu. Nikasema nikuonyeshe, maana wewe bado unajifunza, na vitu hivi utaviona wapi siku hizi."

"Haya, nimeona. Ahsante." Akarudi kwenye kulehemu.

Profesa akasimama. Akahamisha uzito mguu wa kulia, akahamisha wa kushoto. "Tuseme ni yako. Ungeanzia wapi?"

"Kwa aliyeileta. Imekushinda, haijakushinda?"

"Unajua, safarini vitu hivi huwa vinapata..."

"Shemeji, mimi chombo ambacho hakijamshinda mtu sikigusi. Nitakuwa namwingilia kazi yake."

Profesa akajikaza kisabuni. Alimtazama mjane yule, akatazama mlango, akawaona wapita njia wawili waliosimama bila sababu. Akaiona mikono ya mkewe mapajani. Neno likapanda, likarudi, likapanda tena.

"Imenishinda," akaliambia sanduku la skrubu.

"Feni inapiga kelele. Umesemaje?"

"Imenishinda, dada."

Mama Redio akaweka chini kazi yake, akafungua kasha. Hakuchukua hata dakika. Shingoni mwa kile kioo kinene pana koili ya shaba inayoelekeza rangi kila moja mahali pake, nayo ilikuwa imelala upande kama kofia ya mlevi. Akagusa kwa kidole alama tatu za gundi kavu.

"Hapa palikuwa na vipande vitatu vya mpira vinavyoishikilia isihame. Boksi liliangushwa, vikang'oka. Viko wapi?"

Kuna aibu ya kukaa nayo ukiwa umesimama, na kuna ya kwenda nayo nyumbani na kurudi nayo. Profesa aliipata ya pili. Alikwenda kibandani, akaleta kopo zima, akavitafuta vile vipande mbele ya mama yule, katikati ya skrubu na springi na viungo vya redio za watu alivyolimbikiza miaka ishirini. Mama Redio aliliangalia kopo, akalisogeza kando.

Akaweka picha nyekundu tupu kwenye kioo, akaisogeza koili nyuma, akazungusha pete zake polepole, akaisukuma tena mbele mpaka wekundu ukatambaa ukajaa kona zote. Akashindilia zile kabari, akatia gundi mpya. Nusu saa.

"Ni hilo tu?" Profesa akauliza.

"Ni hilo tu." Akafuta mikono. "Ungeipata tangu Jumanne, lakini mkeo alinikataza."

"Mke wangu?"

"Alikuja Jumanne jioni kuniuliza. Nikamwambia nakuja sasa hivi, mbona kazi ndogo. Akasema, hapana, usije. Akija mwenyewe akasema imemshinda, ifanye. Asipokuja, kazi ya shule na iende."

Profesa alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto. Halafu, akiisukuma toroli katikati ya mtaa, hasira ikamtoka akabaki na woga. Mwanamke yule aliihitaji ile kazi kuliko chochote, na alikuwa tayari kuipoteza. Profesa alijiuliza ni kitu gani kinachoweza kuwa na thamani kuliko beji mia nne na zote zitakazofuata, na hakupenda jibu lililokuwa linamjia.

Mkewe aliiwasha monita mwenyewe. Jogoo akatokea, mwekundu, mkia hadi kilemba.

"Nani kaitengeneza?"

"Mama Redio. Mimi ilinishinda."

Akasubiri apewe pole, au hata ahsante, maana kwake lilikuwa jambo kubwa. Mkewe hakugeuka.

"Na cherehani ya mama yangu?"

Mwaka waliooana mkewe alikuja na cherehani ya mkono, kitu pekee alichorithi kwa mama yake. Profesa akaifungua aitie mafuta kidogo. Haikushona tena hata leso. Alisema ni uzee, na miaka ishirini na miwili imekaa uvunguni mwa kitanda, hakuna aliyeitaja.

Alifungua mdomo aseme chuma cha zamani hakikuwa imara. Akaufunga. Akakaa juu ya boksi lililobonyea.

"Niliiharibu mimi," akasema. "Nilishindwa kuirudisha, nikaona haya."

Mkewe akauelekeza uzi mwekundu kwenye tundu la sindano. Akakosa mara mbili, ya tatu ukapita.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Ulikuwa umebaki wewe tu kukubali."