Ukoko Ndani ya Boila ya Pili

Aliyesababisha boila ya pili kupasuka ni Bwana Injinia Mkuu wa mtambo wetu wa umeme. Si Athumani Faki, mchochea moto, ingawa ndivyo ilivyoandikwa. Aliyeandika hivyo ni mimi.

Niliingia mtamboni nikitokea ghala la makaa ya mawe la Shimanzi, wakati taa za umeme zilipokuwa bado jambo geni kisiwani. Siku ya kwanza Athumani alinisimamisha mbele ya tanuri. "Karani, wewe kazi yako ni kuiandika nguvu. Njoo basi uione."

Vijana mnaosomea mitambo, hili ndilo somo alilonipa. Makaa yakiungua hutoa joto. Joto hugeuza maji ya boila kuwa mvuke. Mvuke husukuma pistoni, nayo huzungusha gurudumu linaloendesha dainamo, mashine ya kuzalisha umeme. "Na kila mlango nguvu ipitapo, hutozwa ushuru," akasema akicheka. "Ushuru wenyewe ndilo jasho langu hili."

Kanuni yetu ilikuwa boila ijazwe maji ya mvua kutoka birika la uani. Maji ya visima vya kisiwa yana chumvi na chokaa. Yakichemka huacha ukoko ndani ya boila, mfano wa ule wa sufuria ya wali. Ukoko huzuia joto lisifike majini, na chuma huungua hata kikalegea.

Kiangazi kimoja Bwana Injinia aliagiza maji ya birika yapelekwe bustanini kwake Kizingo, na boila ijazwe ya kisima. Agizo hilo nililiandika daftarini, kama kila agizo. Baada ya wiki chache Athumani akaja ofisini.

"Karani, boila yala makaa maradufu na mvuke haupandi. Mwambie bwana wako izimwe, tuikwangue."

Bwana Injinia hakuinua macho. "Mwambie apunguze uvivu, aongeze makaa."

Akaongeza. Asubuhi ya tatu boila ikapasuka, na mvuke ukamchoma Athumani mikono yote miwili. Alifukuzwa kazi angali amefungwa bandeji. Bwana Injinia alitamka, nami nikaandika: "Mchochea moto alizembea, akaacha maji yapungue." Muda mfupi kabla ya ajali nilikuwa nimesoma kipimo cha maji kwa macho yangu. Maji yalikuwa tele.

Mimi nilipandishwa cheo, nikastaafu kwa cheti cha sifa. Athumani hakuajiriwa tena penye mtambo wowote. Kila tulipokutana Makadara aliniuliza, "Karani, umeshalisahihisha lile daftari?"

"Bado."

"Basi fanya haraka. Mikono yangu haishiki kalamu."

Mwezi uliopita tulimzika.

Kwa hiyo naidai idara ya umeme, rasmi, ifungue daftari la boila ya pili. Ukurasa wa agizo la maji na ukurasa wa ajali usomwe mmoja baada ya mwingine mbele ya wanawe. Jina la Athumani Faki liondolewe penye kosa, na cheo cha Bwana Injinia Mkuu kiandikwe mahali pake. Na atakapotafutwa aliyeuandika uongo ule, niitwe mimi, nijibu nikiwa hai.