Daktari Aliyeandika "Hakuna Uhitaji"

Saa tatu asubuhi, mvua ya Januari imekatika juu ya Iskandaria, lakini mapaa ya kichochoro cha Abu Wardan bado yanadondosha maji tone kwa tone. Harufu ya bahari imepanda hadi ghorofa ya pili ya nyumba moja kuukuu na kuchanganyika na ya mnanaa. Daktari Inshirah Abulfutuh amevua viatu, ameegemea mto, mkoba wa madodoso uko pembeni umefungwa zipu. Anakunywa chai taratibu, macho nusu yamefumba, utadhani hana shughuli yoyote duniani.

Mwenyeji wake ni Hajja Tafida, ajuza wa miaka sabini na minane. Anasimulia ndoto: marehemu mumewe kaja na kikapu cha samaki, kagonga mlango, kisha kakataa kuingia kwa sababu viatu vyake vina matope. Daktari anaisikiliza ndoto mpaka mwisho, hata anauliza samaki walikuwa wa aina gani.

Dodoso halitoki mkobani mpaka glasi ya pili. Ndiyo sheria aliyowawekea wanafunzi wa ustawi wa jamii, ambao amewafundisha katika chuo kikuu cha mjini kwa miaka thelathini na mmoja. Wenyewe wanatania kwamba shahada ya mama huyu haipimwi kwa mtihani, inapimwa kwa kibofu.

Hakuzaliwa na subira hiyo. Aliipata kwa kosa, na kosa lenyewe halifichi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, baraza la mji lilimwomba achunguze kama nyumba ya mchana ya wazee wa hapo bado inahitajika. Ilikuwa vyumba viwili tu. Wazee walipata chakula cha moto, walipimwa shinikizo la damu, na zaidi ya yote walipata mtu wa kubishana naye. Inshirah alizunguka kaya 212 akiuliza swali moja kubwa: je, unahitaji msaada? Kaya 197 zilijibu kwa neno moja. Alhamdulillahi.

Sasa, hebu niambie. Nani katika mji huu, mgeni kaketi kwake, chai iko mbele yake, atasema nyumbani hakuna chakula? Huku mtu hukopa sukari kwa jirani ili mgeni asijue sukari imekwisha. Inshirah kalelewa humo humo, na mama yake alikuwa hivyo hivyo. Lakini siku zile alikuwa na kalamu mkononi na haraka kichwani, akaandika alichosikia. Ripoti ikasema hakuna uhitaji mkubwa. Miezi minne baadaye nyumba ikafungwa, ikawa ghala la viti.

"Mzee Barakat, fundi saa, dodoso lake nililijaza kwa mkono wangu mwenyewe," anasema, na sauti inashuka. "Alinimiminia chai, akanicheka kwamba nimekonda. Baridi ya mwaka uliofuata akaanguka, akavunjika nyonga, akalala sakafuni siku tatu. Zamani asipofika kwenye chakula, mtu angetumwa kumwangalia. Mimi ndiye niliyemwondoa huyo mtu."

Mzee hakupona. Inshirah anasema kwa miaka kadhaa alikuwa akisikia mlio wa saa hata katika vyumba visivyo na saa.

Hakuacha kufundisha. Alibadilisha swali. Katika uchunguzi wake mpya, ambao utakuwa wa mwisho kabla hajastaafu mwezi Juni, hakuna anayeulizwa habari zake. Kila mtu anaulizwa kuhusu wengine: nani hapa kichochoroni ungependa agongewe mlango? Na watu, ambao kwa shida zao wenyewe ni mabubu, kwa za jirani wanafunguka kama bomba. Mwenzake mmoja idarani aliuita umbea wenye majedwali. Inshirah alimjibu kwamba umbea wa watu wanaopendana haujawahi kuua mtu, ripoti nzuri ya Inshirah mwenyewe ndiyo iliyoua.

Hajja Tafida, glasi ya pili ilipokwisha, alitaja majirani sita bila kupumua. Alipoulizwa kwa utani, nje ya dodoso, kama yeye mwenyewe ana shida, akavuta shela akasema alhamdulillahi. Daktari akacheka, akafunga kalamu.

Jumapili ripoti inapelekwa barazani. Ikikubaliwa, viti vinatolewa ghalani na nyumba inafunguliwa. Ikikataliwa, Inshirah anaondoka chuoni na kosa lake likiwa limesimama vilevile.

Mchana huo, ofisini, msaidizi wake Rawya, mama wa watoto wawili anayesomea uzamivu, alikuwa akijumlisha. Waliotajwa na majirani wawili au zaidi walifika sabini na wanne. Kisha akabaki na karatasi moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Daktari, hii sijui niihesabu au niiache."

"Ina nini?"

"Ni mtu wa ghorofa ya tatu, nyumba ya kona. Majirani watatu wamemtaja. Wanasema tangu mumewe afe, miaka miwili sasa, ananunua mkate mmoja na yai moja. Anakula amesimama dirishani. Ukimwuliza, alhamdulillahi."

Inshirah anaishi ghorofa ya tatu, nyumba ya kona.

Alivua miwani. Nje mvua ilikuwa imeanza upya, nyepesi. Akauliza ni nani hao watatu. Rawya akatikisa kichwa, akamkumbusha kwamba jina la aliyesema halitolewi, na aliyemfundisha hivyo ni yeye mwenyewe.

"Hata kwangu?"

"Hata kwako, mama."

Rawya akasema basi wataiondoa, kwani mtafiti hawezi kujichunguza, na baraza linaweza kuwacheka. Inshirah alichukua karatasi, akaisoma mpaka chini, akafuta macho kwa kiganja bila kujificha.

"Tukiiondoa, tutakuwa tumeandika tena ripoti ile ya kwanza," alisema. "Weka sabini na watano. Jumapili wakiniuliza wa mwisho ni nani, nitasimama niseme ni mimi."

Nilipomwuliza anatarajia nini baada ya kustaafu, nilidhani atataja kitabu. Alitabasamu kwa mbali kama mtu anayesikia muziki wa nyumba ya pili.

"Nataka ile nyumba ifunguliwe, niingie saa saba mchana na wenzangu," alisema. "Na mtu akiniuliza kama nina njaa, nijibu ndiyo."