Vibao vya Mpini wa Bastola

Ilianza Jumamosi moja zamani, saa tisa alasiri, kwenye karakana ya Babu kule Makambako. Jana hapa Njombe nilimwona fundi akipiga msasa, na harufu ya vumbi la mbao ikanirudisha kule.

Babu alinipa vibao viwili vya mpini wa bastola kuukuu ya mteja. "Visafishe, halafu nitaziba ufa."

Vilikuwa na mistari midogo iliyojaa uchafu. Nikadhani ni mikwaruzo, nikavipiga msasa mpaka vikawa laini kama mwiko.

"Eh, mama, mistari hiyo ndiyo inazuia mkono usiteleze."

"Sasa mbona hukuniambia, Babu?"

"Basi. Nitamwambia mteja ni mimi, macho yamezeeka."

Hilo liliniudhi zaidi. Fundi asiyeona, nani atampa kazi? Asubuhi mteja alipobisha hodi, nilimtangulia Babu mlangoni, nikamwamkia, nikasema nimeviharibu mimi.